Nawaandika abiria wenzangu daftarini, na mmoja wao ameshagundua

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanamume wa makamo, nina mke na watoto, na kazi yangu ni ya ofisini, ya kukagua karatasi zilizojazwa na watu wengine. Kila siku ya kazi napanda treni ileile ya asubuhi, behewa lilelile, na nikiwahi nakaa kiti kilekile cha karibu na mlango, kile kinachoelekea nyuma. Ukikaa hapo unaliona behewa zima. Safari ni ndefu. Nikisoma nasinzia, nikisinzia napitishwa kituo, na simu sipendi kuitoa kwenye msongamano. Ndipo nikaanza kuangalia watu.

Ngoja nikueleze ninachokiona usije ukanidhania vibaya. Kuna kijana anayesimama hata viti vikiwa vitupu. Treni ikikaribia kituo fulani hujitazama kwenye kioo cha mlango na kuweka kola sawa, kwa sababu kituo hicho hupanda msichana mmoja mwenye vitabu. Msichana akishapanda, kijana hutazama dari mpaka mwisho wa safari. Kuna mama na binti yake mtu mzima. Wanakaa bega kwa bega, hawasemezani hata neno, lakini mama hashuki kabla binti hajamfunga kifungo cha juu cha koti. Kuna bwana anayeongea na simu kwa sauti ya wakubwa, "mwambie anisubiri, nitasaini mwenyewe," na siku moja simu hiyo ikaita huku iko sikioni, ikawa wazi kwamba alikuwa akiongea peke yake. Nadhani mimi tu ndiye niliyeona, maana sikuona mwingine aliyecheka. Kuna mzee wa kofia, anayelikunja gazeti lake vipande vinne ili lisimguse jirani. Na kuna dada wa viatu vyeupe. Sisi tunakwenda kazini, yeye anarudi kutoka zamu ya usiku. Hulala fofofo, na treni ikianza tu kupunguza mwendo kabla ya kituo chake, huamka mwenyewe.

Wote nimewapa majina yangu. Nina daftari dogo ambalo naandika mistari miwili mitatu juu ya nilichokiona siku hiyo. Simtajii mtu, simwonyeshi mtu. Kwa kweli, Shangazi, ndiyo sehemu ya siku ninayoipenda kuliko zote.

Sasa mambo yamenifika shingoni, yote kwa pamoja.

Mke wangu alikuwa akitafuta risiti mkobani mwangu akalikuta daftari. Alisoma kurasa kadhaa, akaniuliza huyo wa viatu vyeupe ni nani. Nikamweleza. Aliniamini, nilimwona usoni kwamba ameniamini. Kisha akasema, "Na mimi umeniandika ukurasa gani?" Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo tunaongea mambo ya nyumba tu.

Ofisini nako, wenzangu huwa nawasimulia kidogo wakati wa mapumziko, kwa mdomo tu. Wanacheka sana. Sasa wanataka picha. Mmoja ameshafungua kundi la WhatsApp kwa ajili hiyo na ananisukuma kila siku: "Bwana wa simu tu, picha moja, nani atajua?"

Tatu, dada wa viatu vyeupe haonekani siku hizi. Zimepita wiki. Sare yake ina jina la mahali anapofanya kazi, na si mbali na ofisi yangu. Nimekuwa nikifikiria kupita pale kumuulizia, niwaambie sura yake ilivyo, nijue tu kama ni mzima. Najikuta nina wasiwasi naye kama ndugu.

La mwisho ndilo lililonifanya nikuandikie. Mzee wa kofia, ambaye hatujawahi kusalimiana, alipokuwa akishuka juzi aliinama kidogo akaniambia, "Leo wino umeisha?" Ni kweli siku hiyo sikuwa nimeandika. Alitabasamu, sijui ni tabasamu la namna gani, mlango ukafungwa. Tangu hapo napanda behewa la nyuma, ambako simjui mtu na hakuna ninachokiona.

Niache tabia hii? Nimwombe radhi mzee? Na yule dada nimuulizie au nisimuulizie?

Mwenye Daftari

---

Marahaba, mwanangu.

Kwenye simu iliyoita sikioni nimecheka peke yangu hapa. Nilipofika kwa mkeo nikaacha kucheka. Tutafika huko, lakini nitalianza lile unalolionea aibu, maana naona ndipo ulipojikwaza bure.

Waliotutangulia walisema macho hayana pazia, na kwenye treni hayana hata pa kwenda. Georg Simmel, mwanasosholojia wa Kijerumani, aliandika mwaka 1908 kwamba kabla ya mabasi, reli na tramu za karne ya 19, binadamu hawakuwahi kuwekwa mahali pa kutazamana kwa dakika nyingi, pengine saa nzima, bila kusemezana. Hebu lifikirie. Kwa miaka yote kabla ya hapo, mtu aliyekaa mbele yako muda wote huo ama ulimjua, ama mngekuwa mmeshajuana kabla hajainuka. Treni ndiyo iliyotupa uso wa mtu bila sauti yake, na akili haikubali kuuacha hivyo hivyo. Itaujazia jina, kazi, mke, madeni. Kuwapa majina kwako ni matokeo ya kiti ulichokaa. Anayesema yeye haangalii, huyo anaangalia kupitia kioo cha dirisha.

Ila kuna adabu yake, na nadhani unaijua bila kufundishwa. Erving Goffman, mwanasosholojia mwingine, aliielezea mwaka 1963: ukikutana na mgeni unampa jicho la kutosha kumjulisha kwamba umemwona na unamtambua kuwa mtu, kisha unaliondoa, ajue hachunguzwi. Ukikosa kumtazama kabisa umemfanya kama nguzo, na ukikawia umemfanya maonyesho. Jicho linakawia kuanzia lini? Mwaka 2016 walichapisha utafiti uliofanyika London, ambamo wageni karibu 500 wa jumba la makumbusho walionyeshwa video za nyuso zinazowatazama machoni, wakaulizwa kama muda wa kutazamwa ulikuwa mfupi mno au mrefu mno. Muda walioupendelea, kwa wastani, ulikuwa sekunde 3.3. Hizo ni za video, na uso wa video haukugusi goti. Kwenye behewa lililojaa mimi ningepunguza.

Kwa hiyo kuangalia sikukatazi. Lakini umeniletea mambo manne kana kwamba ni jambo moja, na mimi nayatenganisha kwa swali moja tu: yule unayemwangalia ana nafasi ya kukujibu? Anaweza kukukazia macho mpaka uinamishe yako? Anaweza kuhama kiti, kukugeuzia mgongo, kukuuliza "vipi?", kukucheka? Akiweza, mko wawili ndani ya jambo hilo hata kama hamjasema neno. Asipoweza, uko peke yako na yeye ni kitu chako, haidhuru unamwonea huruma kiasi gani.

Tuanze na la ofisini, kwa sababu ni jepesi. Hakuna picha. Hata moja, hata ya mgongo. Yule bwana wa simu alijidanganya mbele ya watu waliokuwa wakienda zao, na treni ilipofika kila mmoja akashuka na jambo likaishia pale. Hiyo ndiyo huruma ya usafiri wa umma, kwamba aibu yako inashuka na abiria walioiona. Picha yake ikiingia kwenye kundi la watu wanaocheka, haitashuka kituo chochote. Itatumwa kwa mwingine na mwingine, hata imfikie mtu anayemjua, na bwana huyo hatakuwa na pa kusimama aseme "sikilizeni, mwaka ule nilikuwa nimeachishwa kazi na nyumbani hawajui." Sisemi ndivyo ilivyo. Nasema hujui, na wenzako hawajui, na wao ndio watakaoamua kichekesho kinafika wapi.

Utaniambia wapo waliowahi kupiga picha za abiria kwa siri wakasifiwa. Ni kweli. Mpiga picha Mmarekani Walker Evans alifanya hivyo kwenye treni za chini ya ardhi za New York kati ya mwaka 1938 na 1941, kamera ameificha ndani ya koti, lenzi ikichungulia kati ya vifungo. Leo picha hizo zinatazamwa kwa heshima kubwa. Lakini kitabu chake cha picha hizo kilitoka mwaka 1966, na kufikia hapo waliokuwa watoto mikononi mwa mama zao walikuwa watu wazima. Mwenzako wa ofisini anataka ya asubuhi ile ile, kabla bwana hajafika hata mezani kwake. Mwambie hapana, na kama ni mtu wa kubembeleza, acha kumsimulia kabisa. Na hapa nikuguse kidogo: unasema daftari humwonyeshi mtu, kumbe wakati wa mapumziko unalitoa kwa mdomo. Wamezoea kulishwa, ndiyo maana wanadai zaidi.

Sasa dada wa viatu vyeupe. Hapa nitakawia, na utanisamehe nikiwa mkali.

Mimi ni mwanamke na nimepanda magari ya abiria tangu utoto. Mwanamke halali ovyo kwenye treni. Kabla hajafumba macho ameshapiga hesabu ya nani amekaa wapi, nani amemkodolea macho, mlango uko upande gani, mkoba aufunge kwa mkono gani. Akilala fofofo kama ulivyoeleza, maana yake amelikagua behewa lenu akaona ni salama, na huenda wewe umo katika sababu zake: yule baba wa mlangoni, mkimya, yuko kila siku, hana neno. Huo usingizi ni amana aliyowawekea.

Sasa jiweke mahali pake. Anaingia kazini, mwenzake anamwambia, "Kuna mwanamume alikuja kukuulizia. Jina hakujua. Alisema una urefu huu, unavaa viatu vyeupe, unapanda treni fulani, unashuka kituo fulani, na huwa unalala." Unamwona anavyosikia hayo? Hatasikia wema wako, maana hana pa kuusikia. Atasikia kwamba alipokuwa amefumba macho kuna mtu aliyekuwa akiandika. Hatalala tena kwenye treni hiyo, na pengine atabadilisha njia ya kwenda nyumbani, akiwa ametoka kufanya kazi usiku kucha. Jina lililo kwenye sare liliandikwa kwa ajili ya wanaohudumiwa na mwajiri wake. Ni kweli uliliona waziwazi, lakini hukupewa wewe ili umtafutie.

Kwa hiyo usiende. Wala usimtafute mtandaoni kwa jina la mahali pale, maana najua wazo hilo litakujia usiku.

Wasiwasi wako siudharau hata hivyo. Stanley Milgram, mwanasaikolojia wa Marekani, alilichunguza jambo hili hili mwaka 1972. Wanafunzi wake waliwapiga picha abiria waliokuwa wakisubiri treni ya asubuhi kituoni, kisha baada ya siku chache wakarudi na picha hizo na kuwauliza abiria wale wale: nani humu unamjua kwa sura lakini hujawahi kusema naye? Karibu 9 kati ya 10 walikuwa na angalau mmoja wa namna hiyo. Kwa wastani kila mtu alikuwa nao 4, na wa kuzungumza nao hawakufika hata 2. Milgram aliona kwamba huo ni uhusiano kamili, una masharti yake, na sharti kubwa ni kunyamaza. Wengine walimwambia kwamba huwafikiria hao watu na kujaribu kukisia maisha yao. Kwa hiyo unapomuwazia kama ndugu, akili haijakuruka. Umempoteza mtu kweli, ila ni mtu ambaye mlikubaliana, bila kusema, kwamba hamtadaiana.

Na zamu hubadilika. Mtu anayerudi asubuhi mwezi huu, mwezi ujao huenda anarudi jioni. Hiyo ndiyo sababu ya kawaida kuliko zote ya mfanyakazi wa usiku kutoonekana asubuhi, na wala huhitaji kwenda mlangoni kwao kuisikia. Likizo nayo ipo, kuhama nyumba kupo, kupata kazi bora kupo. Akirudi, mpe salamu ya asubuhi akiwa macho, mara moja, kama unavyompa mtu yeyote. Usimwambie ulikuwa ukimngoja.

Kungekuwa na hatari uliyoiona kwa macho, tungekuwa tunasema mengine. Angeanguka mbele yako, au ungemwona mtu anamsogelea akiwa usingizini na kumshika, hapo unyamavu wote unavunjwa, unainuka, unapaza sauti, unaita wahudumu wa treni. Milgram aliandika pia kuhusu mwanamke aliyeanguka barabarani karibu na kwake huko Brooklyn, na aliyeshughulika naye, akaenda naye hospitali kwenye gari la wagonjwa, alikuwa jirani waliyekuwa wakionana tu kwa miaka 17 bila kusemezana. Kujuana kwa sura kuna kazi yake siku kama hiyo. Kutoonekana wiki kadhaa si siku kama hiyo.

Mzee wa kofia sasa. Mwanangu, umemkimbia mtu aliyekutania!

"Leo wino umeisha?" Hebu isome tena bila hofu. Kama angekasirika angekuuliza unaandika nini, angekwambia ulete daftari, angewaambia wengine, au angehama behewa kabla yako. Yeye ameona kwamba hukuandika. Maana yake siku zote alikuwa akiona kwamba unaandika. Ulijiweka kwenye kiti cha mlangoni ukidhani wewe ndiye jicho la behewa, kumbe gazeti lililokunjwa vipande vinne lina pembe za kuchungulia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walichapisha mwaka 2017 matokeo ya kuchekesha kuhusu hili: watu waliokaa sehemu moja, kila mmoja anaamini kwamba anawaangalia wenzake kuliko wanavyomwangalia yeye. Piga hesabu mwenyewe, haiwezekani wote wawe sahihi. Kijana wa kola naye pengine ana jina alilokupa, na sidhani utalipenda.

Unataka kumwomba radhi. Kwa kosa gani? Ukianza na radhi utamfanya akuulize mlikosana lini, na utani wake utageuka kesi. Yeye amekujibu, ndiyo nafasi niliyokuwa nikiisema, na ameitumia vizuri kuliko wewe ambavyo ungeitumia. Ni zamu yako.

Rudi kwenye behewa lako. Rudi hata kwenye kiti chako. Ukimwona, mwamkie ipasavyo kwa umri wake, kisha mwambie nimenunua kalamu nyingine. Basi, usiongeze hotuba. Najua kwa nini ulimi ni mzito. Milgram huyo huyo aliona kwamba kadiri watu wanavyozidi kukaa miaka bila kusemezana, ndivyo neno la kwanza linavyozidi kuwa gumu, hata mtu akitaka kujua saa ngapi humuuliza mgeni kabisa kuliko yule anayemwona kila siku. Uzito huo upo. Lakini mzee ameshaubeba nusu yake, ametamka neno la kwanza, nawe bado unauogopa mzigo mzima.

Na safari haitaharibika. Nicholas Epley na Juliana Schroeder, watafiti wa Chicago, mwaka 2014 walichapisha majaribio waliyoyafanya kwa abiria wa treni na mabasi ya huko. Wengine waliambiwa wazungumze na mtu wasiyemjua, wengine wakae kimya peke yao, wengine wafanye kama siku zote. Waliozungumza ndio waliosema safari ilikuwa nzuri zaidi. Na wale walioombwa wakisie tu, bila kufanya, walikisia kinyume, kwamba kuzungumza kungeiharibu. Mimi siwashauri watu wazungumze na kila jirani wa kiti, wapo wanaotaka kulala, na wapo wenye mazito yao asubuhi hiyo. Lakini aliyekuanza mwenyewe hana kisingizio cha kuachwa bila jibu.

Akikuuliza unaandika nini, mwambie ukweli: naandika ninayoyaona safarini. Akiuliza kama yeye yumo, mwambie yumo. Akitaka kusikia, msomee yake peke yake, ile ya gazeti, na usimsomee ya mtu mwingine hata akikubembeleza. Akikwambia hapendi kuandikwa, kurasa zake zichane mbele yake na usimwandike tena. Akikujibu kwa mkato akaendelea na gazeti, nalo ni jibu, likubali. Mchezo wenyewe uko hapo, na ndiyo maana nasema usiache kuandika. Unaona vizuri. Kile kifungo cha koti la mama, watu wangapi wamekaa mkabala nao wasikione?

Hicho kifungo ndicho kinachonirudisha kwa mkeo.

Unasema alikuamini. Basi hakukuuliza kwa wivu wa mwanamke mwingine, na ukienda kujitetea juu ya dada wa viatu vyeupe utakuwa unajibu swali ambalo hajauliza. Amesoma kwamba mume wake anaweza kutambua mtu ameamka sekunde chache kabla ya kituo chake. Anaweza kujua kola ya kijana imewekwa sawa kwa ajili ya nani. Kumbe macho anayo! Mwanamke aliyeishi na mtu akidhani ndivyo alivyo, haoni nywele zilizosukwa, haoni pazia jipya, haoni kwamba leo sijala, ghafla anagundua kwamba anaona kila kitu, ila anavua macho mlangoni pamoja na viatu. Hilo linauma kuliko wivu, kwa sababu wivu ungekuwa na mtu wa kulaumiwa.

Naye, tofauti na abiria wako wote, amekujibu kwa maneno kamili na kwa sauti, ukanyamaza. Kwenye treni kunyamaza ni adabu. Nyumbani ni kitu kingine, na nadhani tayari unakiona mnavyoishia kuongelea mambo ya nyumba tu.

Usimkimbilie na daftari jipya lenye jina lake juu. Litakuwa zawadi ya hatia, na atajua. Wala usianze kumkodolea macho mezani, atakuuliza una homa. Na pia usimwahidi kwamba utaacha kuandika abiria, kwa sababu hakukuomba hilo, na utamtwisha lawama ya kukunyang'anya kitu unachokipenda. Mwambie tu kwamba alichouliza hukukijibu kwa sababu jibu lilikuwa "hakuna ukurasa", na kwamba uliona aibu. Mwache aseme anayotaka kusema, na yatakuwa mengi. Baadaye, siku zozote zinazofuata, ukiona jambo kwake, mtamkie hapo hapo, usilipeleke daftarini. Nimeona umekata kucha. Nimeona umemwacha mtoto amalize sentensi ingawa ulikuwa na haraka. Mwanzoni atashangaa, pengine atakucheka, na una haki ya kucheka naye.

Halafu kuna jambo dogo ambalo sijalisikia kwenye barua yako. Siku za mapumziko huwa mnakwenda wapi pamoja? Ikiwa kuna safari yoyote, mchukue kwenye treni, mkae viti viwili vinavyotazamana na watu, na umuulize yeye anaona nini. Wanawake tumeangalia kwa pembe ya jicho tangu tukiwa wasichana. Sitashangaa akikuonyesha vitu ambavyo wewe kwenye kiti chako cha mlangoni umekuwa ukivikosa, na mzee wa kofia akiwa humo siku hiyo, watambulishe.

Shangazi